Maji Yamehama

Ami yangu alikuwa na kauli moja aliyoitumia kila kisima kilipokataa kutoa maji. Hakusema "nimekosea." Alikung'uta mchanga miguuni, akakitupa kijiti chake pembeni, akasema: "Maji yamehama." Basi. Watu wakakusanya sururu na mitarimbo yao, wakaenda zao majumbani, na hakuna aliyeuliza yamehamia wapi.

Nimekaa na kauli hiyo zaidi ya miaka thelathini. Naandika leo kwa sababu naona ndani yake mna swali kubwa kuliko kisima. Mtu akiamini kwa moyo safi jambo ambalo hajawahi kulipima, watu wakamfuata, wakapata hasara, je, ana lawama? Au tuseme alijaribu, riziki haikuwepo, yamekwisha?

Wacha nianze na kijiti chenyewe.

Sisi ni watu wa kaskazini ya Pemba, upande wa Micheweni. Wageni wanaijua Pemba ya mikarafuu, kisiwa cha kijani kama Waarabu walivyokiita, vilima na mabonde ya mpunga yenye vijito. Hiyo Pemba ipo, lakini kwetu sisi ni maweni. Juu jiwe la matumbawe, udongo wake kiganja kimoja, na mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa kama iliyomwagwa kwenye chujio. Mvua tunapata, tena nyingi kuliko wenzetu wa Unguja. Kinachotushinda ni kuyakamata hayo maji yakishashuka. Nilipokuwa mdogo, mama na dada zangu walitoka na ndoo kabla ya alfajiri, na kaskazi ikikaza walirudi jua limeshapanda.

Kwa hiyo mtu aliyejua kutafuta maji alikuwa mtu mkubwa. Ami alikata kijiti cha mpera chenye panda, kile kile ambacho sisi watoto tulikikatia manati. Alikishika ncha mbili, viganja vikitazama juu, mkia wa kijiti ukielekea mbele, akatembea polepole, peku. Mahali kijiti kilipoinama alikandamiza kisigino ardhini, na hapo ndipo palipochimbwa. Hakuwa na bei. Alipewa ubani kama anavyopewa mganga, ingawa jina la mganga hakulipenda hata kidogo. "Mie sipigi ramli," alikuwa akisema. "Mpiga ramli anadai kujua ya ghaibu. Mie naisikiliza ardhi tu."

Kisima cha uani kwetu alikichagua yeye kabla sijazaliwa. Pima nne, maji matamu, na mpaka leo kaskazi haikikaushi. Nimekua nikinywa ushahidi wake.

Sasa, najua msomaji wa Dar au Nairobi atasema: ah, Pemba, hayo ni ya uganga. Jina hilo tumeshapewa na tumelizoea. Lakini kijiti hiki si chetu peke yetu. Mjerumani Georgius Agricola, katika kitabu chake cha uchimbaji madini kilichochapishwa mwaka 1556, ameweka picha ya watu wanaotembea vilimani na vijiti vya panda mikononi, vile vile kama ami, isipokuwa wao walitafuta fedha na shaba. Na mwaka 2017, mwanasayansi mmoja kijana wa Uingereza aliyaandikia makampuni ya maji ya nchi yake kuuliza kama mafundi wao bado wanatumia vyuma vya kupinda kutafutia mabomba na maji. Mengi yalijibu kuwa wapo wanaotumia. Uingereza, nchi ya Newton. Kwa hiyo tusionane washamba. Hili ni swali la binadamu wote.

Je, kijiti kinainama kweli? Kinainama. Nilikuwa na miaka kumi na mbili ami aliponipa nikishike. Nilipita chini ya mkuyu, na wallahi nilihisi kikivutwa, kama mshipi unapovutwa na samaki. Sikudanganya. Kama mtu angeniapisha siku ile, ningeapa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja Mwingereza, William Carpenter, alilieleza jambo hili mwaka 1852. Alisema misuli inaweza kufanya mwendo mdogo ambao mwenyewe haujui, kwa sababu tu moyoni ameuwaza. Kijiti cha panda kikishikwa vile kinakuwa kimekazwa kama upinde. Kifundo cha mkono kikigeuka kidogo tu, ncha inaporomoka. Anayekishika anahisi amevutwa, kumbe amevuta yeye. Na mie nilijua vizuri kwamba chini ya mkuyu watu husema pana maji.

Kule Ujerumani, karibu na Munich, jambo hili lilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Walijitokeza watafutaji wapatao 500, wakachaguliwa 43 walioonekana bora. Ghorofa ya chini ya ghala bomba la maji lilihamishwa huku na huku, wao wako ghorofa ya juu na vijiti vyao, waseme limesimama wapi. Majaribio 843. Wasimamizi walitangaza kwamba wachache kati yao wanacho kipaji. Ila mwaka 1999 Jim Enright, mwanabiolojia wa Marekani, aliyapitia matokeo yale yale akaonesha kwamba ni kama ya mtu anayebahatisha. Hata wale bora, leo wamepatia, kesho wamekosa.

Hapo wengi wangefunga mjadala: kijiti ni uongo, kwisha. Mie siwezi, kwa sababu ami alipata maji. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha kwamba watu hawakuwa wajinga kumwita. Kwa hiyo nilitaka kujua: kama si kijiti, ni nini?

Jibu la kwanza ni jepesi. Mahali penye mchanga na mvua ya kutosha, ukichimba vya kutosha utakuta maji, hata ukichagua kwa kurusha kokoto. Jibu hilo linatosha kwa mabonde ya Wete na Chake. Kwetu maweni halitoshi.

Jibu la pili lilinijia siku alipoalikwa Unguja. Jamaa yetu wa mjini alikuwa anataka kisima uani, na ua wote ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, ukuta kwa ukuta. Ami alizunguka nusu siku. Kijiti kiliinama mahali panne tofauti. Alirudi amechoka, uso umemshuka, akaniambia, "Mwanangu, saruji imeiziba ardhi mdomo."

Nilimhurumia, nikamwamini. Ni baadaye ndipo nilipoielewa sentensi ile. Kama kijiti ndicho kilichoona, saruji ya vidole vinne ingekizuia nini, wakati jiwe la pima nne halikukizuia kwetu? Saruji haikukiziba kijiti. Ilimziba ami. Nikaanza kukumbuka namna alivyofanya kazi. Alikuja kiwanjani kabla jua halijatoka. Alivua viatu. Aliuliza visima vya jirani vina pima ngapi na kaskazi vinashuka kiasi gani. Aliuliza mbuzi wanapenda kulala wapi mchana. Aliangalia mkuyu uko wapi na mkindu uko wapi, nyasi gani zinabaki mbichi mwezi wa pili, ukungu unachelewa kuondoka upande gani. Yote haya yalimchukua saa nzima, akipiga soga na wenyeji. Halafu ndipo alipokata kijiti. Dakika kumi, kijiti kikainama, watu wakasema mashaallah.

Ile saa nzima hakuna aliyeitazama. Hata yeye.

Sasa niwaambie habari ya kisima kimoja, ndicho kilichonifanya niandike.

Jirani yetu alikuwa mjane, tukimwita Bi Mkubwa, ana watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Alimuuza yule ng'ombe apate kisima. Ami alikuja, akaangalia, akakata kijiti, akakandamiza kisigino. Vijana wakaanza kuvunja jiwe. Ilichukua wiki saba. Mie nilikuwa na miaka kumi na mitano, kazi yangu kuvuta kamba ya kifusi.

Walipofika pima nane, jiwe likalowa. Kesho yake maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Mchimbaji akaleta maji kidogo kwenye ndoo, na kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa kwenye kamba, niliyaonja kabla ya mtu mwingine. Matamu. Nakumbuka ubaridi wake kwenye meno.

Ami akaonja, akatikisa kichwa. "Hili jasho tu la jiwe," alisema. "Mshipa wenyewe uko chini. Ongezeni pima moja."

Bi Mkubwa aliuliza, kwa adabu, maana ami alikuwa mkubwa wake: "Fundi, na haya hayatoshi?"

"Bibi, umeuza ng'ombe upate jasho?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Wakaongeza pima moja, maji yakaja kwa nguvu, tukapiga takbiri. Siku tano tulichota tutakavyo. Siku ya sita yalikuwa na ukakasi. Baada ya wiki mbili yalikuwa chumvi, hata mbuzi wanayakataa. Ami akaja, akaonja, akatema. Akakung'uta miguu. Mnajua alichosema.

Kilichotokea pale kinaelezeka, na kilishaelezwa kabla babu yake ami hajafa. Wahandisi wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, kila mmoja kwa upande wake, walionesha kwamba kwenye visiwa na pwani maji ya mvua hayatembei chini kwa mishipa kama damu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini ya usawa huo. Lakini kwenye jiwe la matumbawe lenye matundu, karibu na ufukwe, maji hayapandi juu ya usawa wa bahari hata kwa mita moja, ni kidogo tu, kwa hiyo tabaka zima la maji matamu ni jembamba. Ukichimba zaidi unaikaribia chumvi, na ukichota kwa pupa unaivuta ije juu. Mwenye hekima kwenye ardhi kama ile husimama mapema, huchota taratibu, na akitaka maji mengi hupanua kisima kwa ubavu.

Yaani "jasho la jiwe" ndilo lililokuwa maji. Hayakuhama. Tuliyapita.

Basi, ami ana lawama?

Wako watu ambao swali lao ni jepesi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka kumi. Alikuwa akiuza kifaa chenye antena inayozunguka kwenye mpini, akidai kinagundua mabomu. Iraq ilivinunua kwa mamilioni ya dola, askari wakasimama navyo vizuizini Baghdad, magari yenye mabomu yakapita. Ndani ya kifaa hakukuwa na kitu. Ni kijiti cha panda cha bei kubwa. Lakini McCormick alijua. Ami hakujua. Kumweka ami kapu moja na mtu yule ni dhuluma.

Mgumu zaidi ni mtu aliyesimuliwa na Mwingereza mwingine, William Clifford, mwaka 1877. Mwenye meli ana chombo kikuukuu kinachokaribia kusafiri na wahamiaji. Ana wasiwasi nacho, lakini anajituliza: kimeshasafiri mara nyingi, Mungu atawalinda hawa maskini. Mpaka anaamini kweli. Meli inazama, yeye anachukua fidia ya bima. Clifford anasema ana hatia ya roho zile, ingawa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Tena anaongeza jambo linaloniuma: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Angekuwa hajagunduliwa tu.

Ukilichukua hilo kama lilivyo, basi kile kisima chetu cha uani, kitamu, cha pima nne, nacho ni kosa ambalo halijagunduliwa. Naona Clifford amekaza kamba mno. Ami hakuwa na bima. Alipomharibia Bi Mkubwa kisima alimpelekea nusu gunia la mchele, na nyumbani kwake mchele haukuwa mwingi. Wala sidhani alikuwa na wasiwasi aliouzima, kama yule mwenye meli.

Lakini alikuwa na kitu kingine ambacho alikataa kukitazama: visima vikavu. Alipofariki, siku ya hitma, wazee walikaa barazani wakivitaja visima vyake kimoja kimoja, kile cha msikitini, kile cha skuli, kile cha kwa fulani. Vyote vya maji. Hakuna aliyetaja kikavu. Na si kwa unafiki wa msibani tu. Kisima chenye maji kina jina, kina njia, kina watu asubuhi na jioni. Kisima kikavu hufunikwa magogo mbuzi wasitumbukie, na masika mbili zikipita, majani yameshakizika. Ardhi yenyewe inasaidia kusahau. Ndiyo maana kauli ya "maji yamehama" ilikuwa na nguvu: ilikuwa magogo ya kufunikia. Ukiwa nayo, hakuna kisima kitakachokufunza kitu, maana hakuna kisima ulichokosea.

Hapo ndipo naiona lawama ya ami. Kuamini silaumu. Nalaumu kutohesabu, na hasa kutohesabu hasara inayoangukia mgongo wa mwingine. Ng'ombe hakuwa wake.

Najua jibu la upande wa pili, maana mama yangu ndiye aliyenipa. "Bila ya kijiti chake," alisema, "nani angethubutu kulianza jiwe lile?" Ni kweli. Wiki saba za kuvunja jiwe kwa mtarimbo hazianzwi kwa "huenda." Zinahitaji mtu wa kusimama na kusema hapa. Nawasomesha wanafunzi wangu tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, nayo pia ni habari ya maji na imani, maji ya vita vya Majimaji vya 1905 yaliyosemwa kuwa yatazuia risasi. Neno la Kinjeketile linakua mpaka linamzidi mwenyewe, na mwisho, akiwa kifungoni, anakataa kusema kwamba maji yale yalikuwa uongo, kwa sababu ya vizazi vitakavyokuja. Kila mwaka darasa langu linagawanyika. Nusu wanasema alifanya vyema kulinda tumaini, nusu wanauliza habari ya waliokufa. Zamani nilikuwa upande wa kwanza bila kusita. Siku hizi nawauliza swali moja tu: tumaini hilo, nani alililipia? Watu wa Kinjeketile walikuwa na sababu ya kupigana hata bila ya maji, na wengi wangepigana. Bi Mkubwa hakuwa na sababu ya kupita pima nane isipokuwa neno la ami.

Na wapo wanaoleta habari ya Bi Hajara, kwamba maji ni riziki, alikimbia baina ya Safa na Marwa na Zamzam ikatokea penginepo, miguuni pa mtoto. Naiamini habari hiyo kama wao. Lakini naona pia kwamba alikimbia mara saba. Hakusimama mahali pamoja akasema maji yamehama.

Nisije nikaonekana nimehamia kwa wataalamu. Miaka kadhaa baadaye walikuja kijijini vijana wenye mashine. Walipigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari, wakapitisha umeme, wakasoma namba. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, maji matamu kwa shida zaidi, mwamba mkavu kwa shida kubwa. Shimo lao la kwanza lilitoka chumvi. Nilikuwepo, nikamkodolea macho yule kijana kiongozi, nikingoja atakachosema. Hakusema kitu. Alitoa daftari akaandika tarehe, kina, na neno "chumvi." Shimo la pili walisogea bara, wakasimama mapema, wakapata.

Lile daftari nililiheshimu kuliko mashine. Ila mzee mmoja alipomwambia kijana yule kwamba upande wa pili wa konde kuna nyasi hazikauki hata kaskazi, alitabasamu, akamwita mzee "babu," na hakuandika. Kosa lake na la ami ni ndugu. Mmoja hakuhesabu alichokosea, mwingine hakuandika alichoambiwa na mtu asiye na cheti.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko ng'ombe. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa *Meno*, Socrates anauliza: mtu mwenye rai sahihi tu ya njia ya kwenda Larisa, ambaye hajawahi kuipita, si atawafikisha watu sawa na anayeijua? Atawafikisha. Basi ujuzi una faida gani zaidi? Anajibu kwamba rai sahihi ni kama zile sanamu za Daedalus, nzuri, lakini hukimbia zisipofungwa, na kamba ya kuzifungia ni kujua sababu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Rai isiyofungwa huhama.

Ami alikuwa na rai sahihi nyingi. Mkuyu, mkindu, ukungu, mbuzi, vina vya visima vya jirani. Hakuzifunga, kwa sababu sifa yote alikipa kijiti. Tulipomwomba atufundishe, alitufundisha kushika kijiti. Miaka mitatu nilimfuata, nikajifunza kukaza viganja. Ile saa nzima ya kabla hakunifundisha hata neno, kwa sababu hakujua kwamba ndiyo kazi yenyewe. Kijiti kilimwibia elimu yake akiwa hai, na alipokufa kikaenda nayo.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Agricola yule yule wa 1556, baada ya kueleza hoja za wote wawili, wanaokiamini kijiti na wanaokipinga, anamalizia kwamba mchimbaji mwenye busara na ujuzi wa alama za ardhi hana haja nacho, kwa kuwa alama anaziona mwenyewe. Na kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi wako waliozifunga rai zao kitambo. Varahamihira wa Bara Hindi, katika karne ya 6, aliandika sura nzima juu ya miti na vichuguu vinavyoashiria maji, mti gani, upande gani, kina gani. Al-Karaji, mwanahisabati, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu kizima juu ya kuyatoa maji yaliyofichika. Na huko Oman, ambako nusu ya Pemba ina mjomba au shangazi, mtu anayechagua mahali pa kuanzia falaji, ile mifereji mitano ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2006 na ndugu zake wengi, anaitwa *basir*. Maana yake mwenye kuona. Si yote waliyoandika wazee hawa ni sahihi. Lakini yameandikwa, kwa hiyo unaweza kwenda kwenye mti, ukachimba, ukasema: hapa ulikosea, bwana. Hiyo ndiyo heshima ambayo ami hatukuweza kumpa.

Na mie je? Nimeandika aya nyingi kumhukumu mtu aliyenilea, nikajiacha nje. Maji ya pima nane niliyaonja kabla yake. Nilijua ni matamu. Bi Mkubwa alipouliza "hayatoshi?" nilikuwa nimeshika kamba, hatua mbili kutoka kwake, na nilicheka pamoja na wengine. Mtoto hamkosoi ami yake mbele za watu, ni kweli. Lakini sikusema hata jioni, nyumbani, tukiwa wawili.

Bi Mkubwa ni mzee sasa. Nilimwendea mwaka huu nikamweleza habari ya maji kuelea juu ya chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, yale ya mwanzo yangetosha?"

Nikamwambia yangetosha, kama yangechotwa taratibu.

Akanyamaza, kisha akasema, "Mie nilijua," na akaendelea kuchambua mchele.

Nimeanza daftari na wanafunzi wangu. Tunapita nyumba kwa nyumba kuandika kila kisima: kina, mwaka, utamu, miti iliyo karibu, nani alipachagua na kwa njia gani. Vya maji watu wanatuonesha mbio mbio. Vikavu na vya chumvi inabidi kuuliza mara mbili, na kukaa kidogo barazani kwanza. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mwenyewe: pima tisa, matamu kwenye pima nane, chumvi kwenye ya tisa, kilichaguliwa kwa kijiti cha mpera, nilikuwepo.